Mzee Asiye na Pensheni Ndiye Anayemlisha Kijana Asiye na Ajira

Hii ni hotuba niliyoitoa Tanga kwenye mkutano wa wazee na vijana. Mvua ilizuia wengi kufika na wengine wako mbali, wakaomba maneno yote yaandikwe. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, nimetoa tu yale ya picha za ukutani maana bila picha hayaeleweki.

Wazee wangu, shikamooni. Wale wa assalaam alaykum, assalaam alaykum. Wale wa Bwana Yesu asifiwe, Bwana asifiwe sana. Vijana mliosimama huko nyuma njooni mbele, viti vipo, na leo nina maneno yenu pia, msidhani tumekuja kuongea ya wazee peke yao.

Naomba nianze na maswali, mnijibu kwa mikono. Nani hapa amepita miaka 60 na kila mwezi anaingiziwa pensheni, iwe ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, iwe ya NSSF, mfuko wa sekta binafsi, iwe ya Hazina? Nyoosheni. Naona mikono, sio mingi. Haya shusheni. Nani amepita miaka 60 na hana pensheni yoyote, hata senti? Sasa hapo angalieni wenyewe, geukeni kulia, geukeni kushoto. Swali la mwisho. Nyie nyie ambao mikono iko juu, nani kati yenu jana usiku alilala nyumba moja na kijana aliyemaliza shule na hana kazi, awe mtoto awe mjukuu, na chakula cha usiku kikatoka mfukoni kwako wewe mzee?

Mmeona mikono iliyobaki juu?

Ndugu zangu, kilichonileta hapa ni hiyo mikono. Tumezoea kuambiwa nchi hii ina tatizo la wazee na ina tatizo la ajira kwa vijana, mawili tofauti, wizara tofauti, mikutano tofauti. Lakini ukiingia majumbani kwetu, Chumbageni, Duga, Pongwe, Muheza, Pangani, unakuta ni sufuria moja. Mzee asiye na kipato ndiye anayemlisha kijana asiye na ajira. Ndiye bima yake. Kijana akifukuzwa kazi anarudi kwa bibi, akishindwa kulipa kodi ya chumba anarudi kwa bibi, akizaa na hana uwezo mtoto anapelekwa kwa bibi. Sasa mimi nauliza, bibi yeye anarudi kwa nani?

Nataka niseme hivi na nitalisema tena mpaka likae: ukimpa mzee kipato cha uhakika umemsaidia mzee na umemsaidia kijana aliyeko chini ya paa lake. Na ukimwacha mzee mikono mitupu umewaacha wote wawili.

Nianze na mzee mmoja wa katani. Simtaji jina, anaishi huku njia ya Korogwe, amepita miaka 80. Alitoka Kasulu mwaka 1960 akiwa kijana wa miaka 17, akaletwa kufanya kazi kwenye mkonge kama walivyoletwa maelfu, Waha, Wabena, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu ambao wajukuu zao leo ndio wenyeji wa Tanga na lugha za babu zao hawazijui. Mnaikumbuka ile kazi wazee wangu? Unaamka gizani, unakata majani, unayafunga vifurushi vya majani thelathini thelathini, na ile ncha ya jani ni mwiba, ukikosea unaingia jichoni. Yule mzee ana makovu mikononi mpaka kwenye viwiko, na jicho lake la kushoto halioni. Siku nilipoenda kwake alitoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, ndani mna karatasi za mafao zimekuwa za njano na kipande cha kazi, kile cha siku thelathini, ambacho mtu akishajaza siku zote ndio anahesabiwa mshahara. Amekitunza miaka yote hiyo. Nikamuuliza babu unakitunza cha nini? Akasema, mwanangu, siku serikali ikiuliza nani alifanya kazi, mimi nina ushahidi.

Siku serikali ikiuliza! Jamani.

Na kazi aliyoifanya sio ndogo. Miaka ya 60 nchi hii ndiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu wetu. Fedha za kigeni za nchi changa zilitoka kwenye yale majani. Baadae kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, mengine yakafa yenyewe, na kufika miaka ya 90 uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka kama sehemu moja ya kumi ya zamani. Shamba likafa, mzee akabaki. Alikuwa anakatwa NPF, ule mfuko wa akiba ulioanzishwa 1964 ambao baadae mwaka 1997 ndio ukageuzwa kuwa NSSF, lakini NPF haikuwa pensheni, ilikuwa akiba, unapewa chako chote mara moja na basi mmemalizana. Na miaka ya 80 bei zilikuwa zinapanda karibu asilimia 30 kila mwaka, kwa hiyo pesa aliyokatwa mwaka wa kwanza ilikuwa na thamani na siku anayolipwa imekuwa makaratasi. Ilinunua bati na baiskeli. Miaka zaidi ya ishirini na tano ya kukata mkonge, bati na baiskeli.

Huyo ndio mtu ambaye leo kwenye vitabu vyetu anaitwa hajachangia. Hajachangia? Na wavuvi wetu wa Kigombe na Moa, nao hawajachangia? Mama aliyeuza samaki wa kukaanga Deep Sea miaka arobaini, akalipa ushuru kila siku ya Mungu, akasomesha watoto ambao wengine leo ni walimu na manesi, huyo naye hajachangia? Sistimu yetu ya pensheni inamwona mtu mwenye mwajiri. Ukiwa na mwajiri, na mwajiri akapeleka makato, na ukafikisha miezi 180 ambayo ni miaka 15, hapo unaonekana. Nje ya hapo hauonekani, na walioko nje ndio wengi.

Sasa kuna watakaosema mbona hata hao wenye mwajiri wanalia. Ni kweli wanalia, na wana haki ya kulia, naomba nikae hapa kidogo maana najua kuna walimu wengi humu na neno kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, mmeshalisikia mpaka usingizini.

Niwape hesabu, wenye simu fungueni kalkuleta mhakikishe. Chukua mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa mwishoni ni milioni moja, kwa mwaka milioni 12. Kikokotoo cha zamani cha PSPF na LAPF, mifuko ya watumishi kabla ya PSSSF, kilikuwa unachukua 360 unagawa kwa 540, unazidisha kwa milioni 12, unapata milioni 8, hiyo ndio pensheni ya mwaka mzima. Nusu yake unazidisha kwa 15.5, yaani kama pensheni ya miaka 15 na nusu kwa mkupuo, anapewa milioni 62 mkononi, kiinua mgongo. Nusu iliyobaki anagawiwa kila mwezi, kama laki tatu na elfu thelathini na tatu. Haya, kikaja kikokotoo cha Julai 2022. Badala ya 540 ni 580, badala ya 15.5 ni 12.5, badala ya nusu ni asilimia 33. Mwalimu yule yule, chaki ile ile, anapata kama milioni 30 na laki saba mkononi, na kwa mwezi kama laki nne na elfu kumi na tano.

Mnaona? Kutoka milioni 62 mpaka milioni 30 na kitu. Kwa mwezi imeongezeka, ndio, elfu themanini na kitu, na waliotetea walisema pensheni ya mwezi ndiyo kinga ya uzee kuliko pesa nyingi ya mara moja, na hoja hiyo ina uzito wake siwezi kuikataa. Lakini jiulize mwalimu wa nchi hii anajenga nyumba lini? Kwa mshahara wake anajenga lini? Anajenga akistaafu. Miaka thelathini amekaa nyumba ya kupanga au ya shule akisema nikipata kiinua mgongo nitajenga, na mwaka anaostaafu anaambiwa hesabu imebadilika. Ile kelele ya 2018, serikali ilipotaka malipo ya mkupuo yawe asilimia 25 kwa wote, mpaka Desemba ile Rais Magufuli akasimamisha akasema ya zamani iendelee mpaka 2023, haikuwa kelele ya uroho. Ilikuwa kelele ya watu ambao hawana nyumba. Na bajeti ya Juni 2024 ikasogeza kidogo, waliokuwa zamani wanapata nusu wakapandishwa kutoka 33 mpaka 40, na wa mifuko mingine, waliokuwa zamani wanapata 25, wakawekwa 35. Mwalimu wetu yule sasa anakuwa kwenye milioni 37 na laki mbili hivi, na kwa mwezi laki tatu na sabini na mbili.

Kuna jirani yangu mmoja mwalimu mstaafu, mama, naye simtaji. Kabla hata mafao hayajatoka alishakopa kwa kutegemea hayo mafao, kausha damu, mnaijua, ile ya kurejesha kila wiki. Mafao yalichelewa kwa sababu jina la kwenye barua ya ajira na jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani, huku ni jina la baba, kule ni jina la mume. Miezi ikapita. Akapigiwa simu na mtu anajua mpaka namba yake ya uanachama, anamwambia mama tuma laki tatu ya kuharakisha faili. Akatuma! Mwalimu msomi, aliyefundisha watu hesabu, akatuma, kwa sababu mtu mwenye njaa na deni anashika chochote. Wazee wangu nawaomba sana, hakuna mfuko unaomtoza mtu pesa ya kuharakisha mafao. Hakuna. Akikupigia mtu wa namna hiyo kata simu, alafu nenda ofisini kwa miguu yako.

Na kitu kinachoniuma zaidi ya asilimia za mkupuo ni hii ya kila mwezi kukaa pale pale miaka nenda rudi wakati unga unapanda, nauli inapanda, dawa za presha zinapanda. Kwa miaka mingi kuna wastaafu kima chao cha chini kilikuwa laki moja na kidogo kwa mwezi. Watumishi wakiandamana Mei Mosi wanapandishiwa mshahara, mstaafu haandamani, miguu inauma, kwa hiyo anasahaulika.

Tanga wenzangu mnakumbuka pia wazee wa Jumuiya. Mji huu una reli na una bandari, kwa hiyo tulikuwa nao wengi, wafanyakazi wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Reli, bandari, posta, ndege. Jumuiya ikavunjika, nchi tatu zikagawana mali mwaka 1984, na wazee wakaendelea kudai chao mahakamani mpaka miaka ya 2000, wakalala barabarani Dar es Salaam, wazee wenye mvi, mikongojo pembeni. Wengine walilipwa, wengine waliona walichopewa sicho, na wengine, Mungu awarehemu, walizikwa madai yakiwa mezani. Kijana ukisikia mtu anakwambia pensheni ni mambo ya wazee mwambie hapana, pensheni ni ahadi unayopewa ukiwa na nguvu na inakuja kujaribiwa ukiwa huna.

Sasa tuvuke maji. Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini kuliko sehemu yoyote.

Kuna bibi mmoja Pangani, miaka 74, anasuka ukili, anashona mikeka na makuti. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka mitatu, aliolewa Unguja zamani, yuko kule upande wa Mkokotoni. Wote hawajawahi kuajiriwa hata siku moja. Wote wamelima, wamezaa, wamelea wajukuu. Damu moja, titi moja. Yule wa Mkokotoni kila mwezi anapata shilingi 50,000 kutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa sababu tu amefika miaka 70 na ni mkaazi wa Zanzibar. Yule wa Pangani hapati kitu.

Inaitwa pensheni jamii. Ilianza Aprili 2016 wakati wa Dokta Shein, ikaanza na 20,000 kwa mwezi, na wakati huu wa Dokta Mwinyi ikapandishwa mpaka 50,000. Haiulizi ulifanya kazi wapi. Haiulizi una watoto wangapi wenye pesa. Haiulizi nyumba yako ni ya bati au makuti. Inauliza miaka na ukaazi. Na ni pesa ya bajeti yao wenyewe, hawakusubiri mfadhili. Zanzibar wana historia ya jambo hili, baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilikuwa inatunza wazee kwenye nyumba za Sebleni na Welezo, kwa hiyo walipofika 2016 walikuwa wanaendeleza kitu ambacho tayari kiko kwenye fikra zao.

Na mnajua yule bibi wa Pangani anaishije mwezi ukiwa mgumu? Dada yake anamtumia. Anatoa elfu kumi kwenye ile hamsini anamrushia kwenye simu ya mjukuu. Pensheni ya Zanzibar inamlisha mzee wa Bara! Nasema hivi sio kwa kuwalaumu Wazanzibari, nawapongeza kabisa. Nasema kwa sababu sisi wa huku tujiulize.

Geuka upande wa pili, panda gari nenda Horohoro, vuka mpaka uingie Lungalunga. Kule Kenya mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa kwenye Inua Jamii ana shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ina matatizo yake, nimeongea na wazee wa Vanga wakaniambia pesa inachelewa miezi, ikija inakuja kwa mkupuo, na kuna waliofika 70 miaka mingi hawajaandikishwa. Lakini ipo. Ipo kwenye bajeti, ina jina, mzee anaidai. Uganda wanaotimiza miaka 80 wanapewa 25,000 za kwao kwa mwezi, walianza na wilaya chache 2010 wakaenda wakipanua. Lesotho, nchi ya milima, ndogo, maskini, tangu 2004 inawalipa wazee wa miaka 70.

Kwa hiyo sisi Tanga tuko wapi? Mashariki ng'ambo ya maji mzee analipwa. Kaskazini ng'ambo ya mpaka mzee analipwa. Katikati, hapa tulipokaa, mzee wa miaka 74 anasuka ukili mpaka vidole vinakufa ganzi. Je, mzee wa Pangani ana makosa gani? Nauliza tena, ana makosa gani?

Najua kuna atakayesema kuna TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini. Ipo, na imeokoa watu, mimi nimeona kaya zimekula kwa sababu ya TASAF na nawashukuru. Lakini TASAF ni ya kaya maskini, sio ya mzee. Unaingizwa kwa kuchujwa, na kuna siku unaambiwa kaya yako imehitimu. Kaya ya mzee wa miaka 78 inahitimu kwenda wapi? Kijana anaweza kuhitimu, akapata mtaji akafuga kuku akasimama. Mzee mwaka unaofuata atakuwa na nguvu kuliko mwaka huu? Pesa ya mzee inatakiwa iwe ya kudumu mpaka siku ya mwisho wake. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri mnaijua mgao wake, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mzee mwanaume asiye na ulemavu hayumo kabisa, na kwa kweli mkopo sio kitu cha kumpa mtu wa miaka 75.

Kuna watakaosema pia wazee wakipewa pesa wataipoteza. Hili linanikera, lakini nalijibu kwa mfano sio kwa hasira. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kuna shirika linaitwa Kwa Wazee, tangu 2003 linawapa wazee pesa kidogo kila mwezi, hasa mabibi waliobaki na wajukuu yatima baada ya ukimwi kuwachukua watoto wao. Walipofanya tathmini kuona zile pesa zimeenda wapi, walikuta nini? Chumvi. Sabuni. Viatu vya shule. Bibi akishika pesa mtoto anavaa viatu. Nani kati yenu hakuwahi kununuliwa kitu na bibi yake? Kwa hiyo ile pesa ya mzee haikai kwa mzee hata kidogo, inashuka chini kwenye nyumba nzima, na hapo ndio narudi kwenu vijana.

Vijana, mnanisikia? Msogee.

Kuna kijana wa hapa mjini, ana diploma, alipata kazi kiwandani, kiwanda sikitaji, mkataba wa miezi sita sita, unaisha anapewa mwingine. Miaka miwili. Kwenye karatasi yake ya mshahara kila mwezi kuna makato ya NSSF. Oda zikapungua, wakapunguzwa watu, naye akapunguzwa. Akasikia kuna fao la kupoteza ajira, na ni kweli lipo, lilianzishwa kwenye sheria za 2018. Ukipoteza kazi sio kwa kuacha mwenyewe, na umechangia angalau miezi 18, unalipwa theluthi ya mshahara wako kwa miezi sita wakati unatafuta nyingine. Akaenda kwa matumaini. Kufungua stetimenti, michango iliyoonekana ni ya miezi saba. Saba! Miezi mingine alikatwa, haikupelekwa. Miezi 18 hajafika. Amerudi kwa bibi yake Makorora, anaendesha bodaboda ya mtu, kila siku hesabu ya bosi kwanza, mafuta, alafu kinachobaki ndio chake, na siku ya mvua hakibaki.

Nawaambia hivi vijana, na hili mlifanye leo hii hii. Kama una ajira, hata ya mkataba mfupi, angalia michango yako kwenye simu kila mwezi. Usisubiri ufukuzwe ndio ujue. Ukiona mwezi hauonekani uliza, peleka karatasi za mshahara ofisi ya mfuko, msiende mmoja mmoja mtaogopeshwa, nendeni mkiwa wengi. Na wewe wa boda, wa mama lishe, wa kuuza laini, wa kubeba mizigo soko la Mgandini, unaweza kujiandikisha mwenyewe kama aliyejiajiri ukachangia kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi kwa simu. Ukiweka buku kwa siku mwezi ni elfu thelathini. Najua buku ni pesa. Najua kuna siku buku yenyewe haipo. Lakini piga hesabu hii, wewe wa miaka 25 leo, miaka 35 ijayo una miaka 60. Ile miezi 180 inayotakiwa ni miaka 15 tu. Muda unao, mzee wa katani hakuwa nao kwa sababu hakuna aliyempa nafasi hiyo.

Ila sitaki kuwadanganya. Buku kwa siku haitamaliza jambo hili, na mtu akiwaambia kila mtu ajiwekee tu na serikali ikae pembeni msimkubalie. Kuna watu hawatafikisha miezi 180 hata wajitahidi vipi, mvuvi bahari ikichafuka miezi mitatu atachangia nini? Kwa hao lazima pawepo pensheni ya umri, ya kila mzee, kutoka bajeti ya taifa. Na wenye kusema haiwezekani mara moja, sawa, tuanze na miaka 75. Uganda nao walianza kidogo, na wilaya chache, wakapanua. Tuanze na 75, tushuke 70, baadae tufike 60 ambayo Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe ndiyo inamtambua mtu kuwa mzee. Tuanze na kiasi kidogo, kiongezwe bei zikipanda. Lakini tuanze, na iwekwe kwenye sheria, sio ihsani ya mtu ambayo akiondoka inaondoka naye.

Hilo ni la kupeleka kwa madiwani na kwa wabunge wetu, na nataka vijana ndio walipeleke. Wazee wamesema sana wamechoka. Siku kijana wa miaka 24 atakaposimama kwenye mkutano wa mbunge akasema mheshimiwa mimi sikuja kuomba ajira leo, nimekuja kuuliza pensheni ya bibi yangu, hapo itasikika tofauti. Nani atasimama? Wewe? Na wewe? Haya, nimewaona, majina yenu nayaandika, mkutano wa hadhara ukitangazwa kwenye kata tunakwenda wote.

Kwa leo tuna kazi ya mkono. Meza ya kushoto ni ya wazee ambao majina hayafanani, NIDA inasema hivi, barua ya ajira au cheti inasema vile, kuna mwanasheria amejitolea atawaelekeza jinsi ya kula kiapo, msingoje mpaka siku ya mafao. Meza ya katikati ni ya wastaafu ambao wamesimamishiwa pensheni kwa sababu ya uhakiki, siku hizi uhakiki unafanyika hata kwa simu janja, vijana wawili wako pale watawasaidia bure na msimpe mtu yeyote namba ya siri. Kulia ni ya vijana, leteni karatasi zenu za mshahara tulinganishe na michango iliyofika. Na wazee waliozidi sitini ambao hospitali wanaambiwa walipe wakati hawana uwezo, njooni kwangu mimi mwenyewe na barua ya mtendaji wa mtaa, tutaenda pamoja mpaka dirisha la wazee.

Tuanze na waliotoka mbali, wa Pangani na Mkinga mwanzo, magari yao yanaondoka mapema.